Mpira wa Nyumbani na Mpira wa Ukweni

Harufu inayonirudisha kwetu haraka kuliko picha yoyote ni ile ya mabua ya mpunga yaliyokatwa na kuanza kukauka. Siisemi harufu ya wali wa Kyela, ile wanayoisifu watu wa mijini kabla hata sufuria haijafunuliwa. Ninayoisema ni ya shambani, baada ya mavuno, maji yakiwa yameondoka majarubani, udongo mweusi umeanza kupasuka na ng'ombe wameachiwa wale mabaki. Ni nusu utamu, nusu uvundo, na huchanganyika na moshi wa jikoni na unyevu wa mwera unaovuma kutoka ziwani. Kwa watoto wengine wa Bujonde harufu hiyo ilimaanisha kwamba sasa kuna uwanja mkubwa wa kuchezea mpira wa miguu mpaka mvua zirudi. Nyumbani kwetu, msimu mmoja, ilikuja kumaanisha gofu.

Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Kyela mjini, ambayo nilikuwa nimezoea kuyaona yakiwa na viberiti na chumvi tu, yalianza kujaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na wanunuzi wa kakao wakawa wanapita vijijini na mizani zao wenyewe bila kusubiri chama cha ushirika. Kila mtu alisema mambo yamefunguka, na yalikuwa yamefunguka kweli. Lakini mlango ukifunguka, wapo wanaoingia na wapo wanaotolewa. Kule juu milimani, kwenye mashamba ya chai, watu walipunguzwa kazi, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Kwa miaka mingi alikuwa amefyeka na kutunza uwanja wa gofu wa mameneja, na jioni, wenye uwanja wakishaondoka, aliruhusiwa kucheza. Alirudi nyumbani na baiskeli, blanketi, mfuko wenye fimbo nne za gofu na kofia iliyojaa mipira mikuukuu aliyokuwa ameiokota kwenye vichaka vya chai. Mama aliutazama mzigo ule akashika kiuno. "Wenzako wamerudi na mabati," alisema, "wewe umerudi na bakora." Baba aliuegemeza mfuko ukutani. Kesho yake asubuhi alichukua fyekeo akaenda kwenye majaruba ya marehemu babu, na hakurudi mpaka jua lilipokuwa kali.

Alitengeneza vishimo vitano. Kila kimoja alikizungushia duara la mchanga wa mtoni, akaufagia mpaka ukawa laini kama unga, akasimika mwanzi wenye kitambaa chekundu kuwa bendera. Ukisimama mwisho wa mashariki wa kiwanja na kutazama nyumbani, ziwa lilikuwa kushoto kwako, mbali kidogo, na kijito kulia kwako. Kishimo cha tano, cha mwisho, kilikuwa karibu kabisa na uwanja wa jikoni kwetu. Alinifundisha mimi, binti yake wa mwisho, kwa sababu kaka yangu Lusajo alikuwa anafanya biashara mpakani Tunduma na hakukuwa na mtu mwingine wa kucheza naye. Fimbo moja aliikata mpini ikanitosha. Somo lake kubwa lilikuwa kwamba mpira haupendi kwenda moja kwa moja. Ukiulazimisha unyooke, utapinda unavyotaka wenyewe. Afadhali uchague mapema upinde wapi. "Miguu itazame mpira unakoanzia safari," alisema, "na uso wa fimbo utazame unakoishia." Miguu ikitazama kushoto, mpira unaanza kushoto na kukatia kulia, unapanda juu na kutua taratibu. Miguu ikitazama kulia, unaanza kulia na kujikunja kushoto, unaruka chini zaidi, na ukishatua unakimbia. Kila mmoja ulikuwa na jina lake kwa lugha ya mameneja, lakini majina hayo yaliteleza ulimini mwangu kama sabuni mpya, na siku nilipoyachanganya mara mbili Baba aliniambia nisiyataje tena.

Hapa ni lazima nieleze mila, maana bila hiyo habari hii haieleweki. Katika nyumba yetu aliishi wifi yangu Atupele, mke wa kaka Lusajo, aliyeolewa kutoka Makwale mwaka uliotangulia. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mkwe wa kike na baba mkwe hawakutani. Hawali pamoja, hawasemeshani, hawapiti njia moja kwa wakati mmoja. Mke akimwona baba wa mumewe anakuja, anaingia shambani au anajificha mpaka apite. Siku zile Wakristo wengine walikwisha kuilegeza desturi hiyo, lakini kwetu ilishikiliwa, na wala haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na heshima, kama walivyosema wakubwa, si utumwa. Hata hivyo Mama alimhurumia Atupele, akawa anasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa hiyo Baba alikuwa na kiwanja chake, Atupele alikuwa na jiko lake, banda la makuti lisilo na kuta, na katikati yao ulisimama mstari wa migomba, wenye mwanya mmoja tu usawa wa kishimo cha tano. Mimi peke yangu nilikuwa napita pande zote mbili.

Nilidhani wifi anatwanga tu kule nyuma ya migomba. Siku moja Baba alipopanda baiskeli kwenda sokoni Kyela, Atupele alitoka, akafunga kanga kiunoni, akanyoosha mkono. "Hebu nipe hiyo bakora. Miguu kushoto, uso wa fimbo bendera, si ndiyo?" Alikuwa amesikia kila somo. Mpira wake wa kwanza uligonga kinu. Wa tatu ulipanda, ukakatia kulia, ukatua kwenye mchanga na kusimama. Alicheka mpaka akakaa chini. "Huu ni mtu anaenda ukweni," alisema. "Haji moja kwa moja, anazunguka, na akifika anasimama mlangoni mpaka akaribishwe." Nikapiga ule mwingine, ukajikunja kushoto, ukatua na kutimua mbio kwenye udongo mkavu. "Na huyo anarudi nyumbani," alisema. "Umemwona? Kama ng'ombe wa jioni. Hasubiri hodi." Majina hayo hayakuteleza. Siku iliyofuata nilimwambia Baba nataka kupiga wa ukweni, akaniuliza nani amenipa jina hilo. Nikasema nimelisikia tu. Alitazama migomba, akajikuna kidevu, akarudi kwenye kazi. Wiki haikuisha kabla sijamsikia yeye mwenyewe akisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa mtoto aliyesimama mbele yake: "Wa ukweni una adabu, lakini upepo ukiusukuma kwa nyuma hauna nguvu ya kukataa. Wa nyumbani ni mkaidi. Huo ndio wa kupiga upepo ukitoka kushoto." Nyuma ya migomba, mchi ulikuwa umenyamaza.

Basi akaja Baba mdogo Ambakisye. Alikuwa ndugu wa Baba, tumbo moja, ila aliishi ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, akivuka kila mwezi na bidhaa: safari hii sabuni, safari ile vyombo vya plastiki. Alipenda kucheka, na alipenda zaidi kuwa na mpango. Safari hiyo mpango ulikuwa tofali. Mji unajengwa, alisema, kila mwenye duka anataka kuta za tofali za kuchoma, na udongo wa majaruba ya babu ni mzuri kuliko wote aliowahi kuufinyanga mkononi. Shamba lilikuwa halijagawanywa, kwa hiyo lilikuwa lake sawasawa na la Baba. Hakukosea hata neno moja, na hilo ndilo lililomuumiza Baba. Ukichimba tofali shambani, kinachobaki ni mashimo ya maji na vyura. Mama, yule yule aliyeziita fimbo bakora, alinishika begani jikoni akaniambia, "Kile kiwanja kikiondoka, baba yako atakaa kibarazani anatazama mabati ya watu mpaka azeeke." Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililielewa mara moja. Kule milimani Baba alitunza uwanja wa watu wengine. Huu ndio uliokuwa wake.

Baba mdogo naye aliwahi kufanya kazi kwenye shamba la miwa huko Malawi, na fimbo ya gofu alikuwa ameishika. Akaona njia. "Kaka, tusigombane kama wanawake kisimani," alisema, na Mama akamkata jicho. "Wewe na mwanao, mimi na Gwakisa wangu. Kila upande mpira mmoja, tunapokezana kupiga. Mkitushinda, tofali nafyatulia kwingine, sitalitaja tena shamba hili. Mkishindwa au tukitoka sare, kesho vijana wanaingia na majembe." Gwakisa, mwanawe, alikuwa kijana wa sekondari, mabega kama mlango. Mimi nilikuwa darasa la tano, na miguu yangu, kama alivyosema Gwakisa mwenyewe bila ubaya, ilifanana na mianzi ya bendera. Baba alinitazama. Nilitikisa kichwa kukubali kabla hajauliza.

Tulicheza asubuhi, mwera ukiwa umeanza kuvuma. Sitasimulia vishimo vyote. Gwakisa alipiga mbali sana na mara nyingi kusikotakiwa. Baba mdogo alikuwa na mkono mtulivu karibu na bendera. Sisi hatukupiga mbali ila hatukupotea. Tulifika kishimo cha tano tukiwa sawa. Wenzetu wakatangulia, wakakimaliza kwa mipigo minne. Hesabu ilikuwa rahisi: sisi tulihitaji mitatu. Baba alipiga wa kwanza, mzuri, ukapita katikati ya kiwanja na kusimama kando ya kichaka cha migomba ya jirani kilichotukinga upande wa ziwani. Wa pili ulikuwa wangu, na mbele yangu palikuwa na umbali kama urefu wa uwanja wa mpira wa shule. Kulia kijito, mbele bendera, na nyuma ya bendera jiko letu na mtu ndani yake.

Baba aliinama karibu yangu. "Piga wa ukweni," alisema. "Utatua kwenye mchanga, utasimama." Nilijua kwa nini amechagua hivyo, na si kwa ajili ya mchanga tu. Siku zote kwenye kishimo kile alitaka mpira usimamao, kwa sababu mpira ukimbiao ungeishia uwanja wa jikoni, na huko hakuweza kuufuata. Nikageuza miguu kushoto. Hapo tulipokuwa, nyuma ya migomba ya jirani, hewa ilikuwa imetulia kama ndani ya nyumba. Hata jani halikutikisika. Nikainua fimbo, na sauti ikatoka jikoni, kali, ya mwanamke aliyechoshwa na mifugo.

"Wewe kuku! Kuku mpumbavu we! Unakwenda ukweni na upepo huu? Utabebwa mpaka mtoni ufe maji! Rudi nyumbani! Nimesema rudi nyumbani!"

Kuku mwenyewe nilimwona. Alikuwa amelala kwenye vumbi kando ya kinu, macho yamefumba nusu, hana safari yoyote. Nikashusha fimbo. Baba alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. Hakutazama jikoni. Alikuwa ametoa neno lake mbele ya ndugu yake, na hakuweza kulibadili kwa neno ambalo, kwa mila, hakulisikia. "Mimi nimekwisha kusema langu," aliniambia polepole. "Fimbo iko mikononi mwako." Walimu wetu walikuwa wakituimbisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakutuambia la kufanya wakuu wakiwa wawili. Nikafanya kile ambacho tangu hapo nimekifanya maisha yangu yote: nilitazama mwenyewe. Moshi wa jiko ulipanda wima mpaka usawa wa vilele vya migomba, kisha ukavunjika kama uliopigwa kofi, ukalala wote upande wa kulia, kuelekea kijitoni. Huko juu ndiko mpira wa ukweni ungepita. Wifi alikuwa akiutazama moshi ule tangu alfajiri. Sisi tulikuwa tumejificha nyuma ya majani.

Niligeuza miguu kulia, kuelekea kijito. Baba mdogo aliguna. Uso wa fimbo niliuacha ukitazama bendera, nikapiga bila haraka. Mpira ulitoka chini chini ukielekea majini, na kwa kitambo nilichokiona kirefu kama ibada ya Jumapili ulining'inia juu ya ukingo wa kijito. Halafu ukaanza kujikunja. Mwera uliusukuma kulia, nao ukaegemea kushoto, kama mtu anayepita mlangoni kwa bega. Ulitua kabla ya mchanga, ukakimbia, ukapita kando ya bendera kwa upana wa kiganja, ukaendelea kukimbia, ukaingia uwanja wa jikoni na kusimama karibu na kinu. Ulikuwa umerudi nyumbani kabisa.

"Mkwe amesema!" Baba mdogo alipaza sauti. "Amewaelekeza! Huo si mchezo!"

Baba alimgeukia taratibu. Sijapata kumwona ana raha kiasi kile. "Mkwe yupi, Ambakisye? Umeisikia sauti ya mke wa mwanetu? Umeisikiliza mpaka ukayashika na maneno?"

 Baba mdogo naye alikuwa baba mkwe wa Atupele, kwa mila ile ile na kwa uzito ule ule. Akamgeukia mwanawe. "Gwakisa, wewe ni shemeji, wewe huna mwiko. Umesikia nini?"

Gwakisa alitazama juu kama anayetafuta mvua. "Nimesikia mtu anafukuza kuku, baba."

Lakini mpigo uliofuata ulikuwa wa Baba, na mpira ulikuwa upande wa Atupele. Banda halikuwa na kuta za kujifichia, na njia ya kutokea ilipita hapo hapo alipokuwa amesimama Baba. Nilimwona wifi akitazama huku na huku, kisha akachutama nyuma ya kinu, akachukua ungo na kujifunika nao uso. Baba naye alifanya jambo ambalo kijijini lilisimuliwa kwa miaka. Aligeuza mgongo, akaanza kwenda kinyumenyume, macho yameikazia bendera na fimbo ameishika kifuani, mimi nikimwelekeza: "Kushoto, Baba. Kushoto kwako! Nyuma. Nyuma kidogo. Kinu, Baba, kinu!"

"Kama lori linalorudi nyuma sokoni," alisema Baba mdogo, na hata yeye alikuwa ameanza kucheka. Kisigino cha Baba kiligusa kinu. Ungo ulitikisika, na haukutikiswa na woga. Baba akatafuta mpira kwa jicho moja la pembeni, akasimama ubavu, akautazama mchanga kwa muda mrefu. Akaugusa. Mpira ulitoka vumbini, ukapanda mchangani, ukapungua mwendo mpaka nikadhani umekwisha, ukagonga mwanzi na kudondoka ndani.

"Umeshinda kwa mgongo, kaka," alisema Baba mdogo, akampa mkono. Alitimiza ahadi. Tofali alifyatulia kwingine, akachoma matanuri kwa matanuri, na baadhi ya kuta za maduka zilizosimama mjini miaka ile ni za udongo wake. Jioni ya siku ile Baba alitoka nje, akasimama amelipa jiko mgongo, akasema kwa sauti ya kukiambia kijito: "Kuku wa nyumba hii apewe mtama. Ndaga fijo, apewe mtama mwingi." Hivyo ndivyo alivyoshukuru. Nyuma ya migomba mchi uligonga mara mbili, ukanyamaza.

Tulicheza pale misimu mingine mingi, mpaka nilipokwenda kusoma mbali. Sasa nacheza, nikipata nafasi, kwenye viwanja vyenye nyasi za kumwagiliwa, na watu wenye fimbo za kila namna. Wana vifaa vya kupimia upepo na umbali, na sivichezei shere, vinafanya kazi. Ila kabla ya kupiga, mimi hutafuta kwanza moshi. Shamba la babu liligawanywa, na sehemu yake imekuwa kakao iliyofunga kivuli. Kwingine bado ni mpunga, na mabua yake yananukia vile vile. Baba alizeeka akiwa na kiwanja chake, wala hakukaa kibarazani kutazama mabati ya watu. Alipougua na kufariki, baada ya matanga, wazee waligawa vitu vyake. Baiskeli ilikwenda kwa Lusajo. Ilipofika zamu ya fimbo, Mama alisema marehemu aliacha neno moja tu: apewe yule kuku. Wazee walitazamana, mmoja akasema ugonjwa ule ulimchanganya sana. Atupele alijifunika kanga usoni, mabega yakatikisika, na wanawake wakamshika wakidhani analia. Nilimjua. Alikuwa analia na kucheka.

Mwaka jana nilikwenda kuwasalimu kaka Lusajo na wifi. Mwera ulikuwa unavuma. Mke wa mtoto wao mkubwa, binti mchangamfu aliyetoka Mbeya, alikuwa amekaa kochi moja na kaka Lusajo, baba mkwe wake, wakibishana juu ya simu ipi ina chaji ya kudumu. Niliutazama ubishi ule kwa furaha, na kwa wivu kidogo. Wifi Atupele, mvi zimemjaa, alikuwa mlangoni na ile fimbo ya chuma mkononi, akiitumia kufukuzia kuku waliovamia mpunga ulioanikwa. Binti akacheka, akamuuliza, "Hivi Mama, nyie mliwezaje? Miaka yote hiyo nyumba moja na baba mkwe, hamsemeshani!"

Wifi aliisimamisha fimbo, akanitazama mimi kwanza.

"Nani kakwambia hatukusemeshana?" alisema, akawageukia kuku wake.